Kabla ya Kuuliza Oili Ipi, Pima Joto Lake

Wenye magari ya kasi huniuliza swali moja kuliko yote: "Nitie oili gani?" Wengi wao huja na jibu tayari kichwani. Gari lina turbo, linakimbia, kwa hiyo oili yake iwe nzito. Jibu hilo nalipinga, na nalipinga kwa sababu niliwahi kuliamini.

Gari langu la kwanza lenye turbo lilikuwa na injini ya silinda nne, lita mbili. Kitabu chake kilitaka 5W-30. Fundi niliyekuwa nikimtegemea akaniambia hiyo ni maji matupu, tia 20W-50. Nikatia. Kuanzia hapo, kila nikiliwasha asubuhi, juu kwenye kamshafti kulisikika mgongano wa sekunde kadhaa kabla injini haijatulia, sauti ambayo haikuwapo zamani. Mshale wa presha ya oili nao ulipanda kuliko nilivyouzoea, nami nikafurahi, nikidhani injini imepata afya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba presha ile ilikuwa inanieleza kitu kingine kabisa: oili inapita kwa shida. Pampu inasukuma, vijia ni vyembamba, oili ni nzito, lazima presha ipande. Kinachoikinga beringi ni utando mwembamba wa oili unaojengeka kati yake na kranki, shafti kuu ya injini, inapozunguka. Oili isipofika, hakuna utando.

Kwa hiyo tuziangalie namba zenyewe. Katika 5W-30, ile 5 yenye W inahusu baridi: oili inamiminika na kusukumika vipi injini ikiwa haijapata moto. Ile 30 ni mnato wake ikiwa nyuzi 100, na ni daraja lenye upana, kuanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5. Daraja la 40 linaanzia hapo kwenye 12.5 na kuishia karibu na 16.3. Maana yake, 30 iliyo juu kabisa ya daraja lake na 40 iliyo chini kabisa ni karibu oili moja, ingawa chupa zinaonyesha namba tofauti na watu wanazigombania. Tena, hata ile inayoitwa "maji" si maji. Oili ya 0W-20 ya kawaida ikiwa nyuzi 40 ina mnato wa mara tano hivi ya ule wa nyuzi 100. Injini ikiwa baridi, hakuna oili iliyo nyepesi kupita kiasi.

Kwenye joto ndipo penye jambo lenyewe. Hizo namba za chupani zimepimwa kwenye nyuzi 100, lakini injini yako haijasaini popote kwamba itakaa hapo. Barabarani, ukienda mwendo wa kawaida, oili huwa karibu na nyuzi 90 hadi 110. Lipeleke gari hilohilo kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, likanyage kwa dakika ishirini, unaweza kuona 130 na zaidi. Na oili ya 40 ikifika 130, mnato wake unashuka karibu na nusu. Yaani ile 40 uliyoilipia kwa wakati huo inafanya kazi kama 20 iliyo kwenye nyuzi 100. Ndiyo maana swali la "oili gani" halina jibu mpaka ujue oili yako inafika nyuzi ngapi. Mwenye kufika 105 na mwenye kufika 135 wanaweza kuwa na magari ya aina moja, mwaka mmoja, rangi moja, na bado wakahitaji oili mbili tofauti.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Ford waliiandikia Mustang GT ya lita 5.0 oili ya 5W-20. Boss 302 ya 2012 na 2013, injini ya ukoo huohuo, wakaiandikia 5W-50, kwa sababu ile waliiunda wakiwa na saketi akilini. Chevrolet nao, kwenye Corvette C7, walikuwa wakitaka 5W-30 ya barabarani, na siku ya kwenda kwenye saketi mtu aweke 15W-50. Kwenye Corvette hiyo chuma hakikubadilika, wala nafasi za beringi, yaani uwazi mdogo ulioachwa kati ya beringi na kranki. Kilichobadilika ni joto.

Ukishaielewa hiyo, utaona kwa nini kuiga namba ya gari la mwenzako ni hatari. BMW M3 ya E46 inatumia 10W-60, na kwa sababu jina la M3 ni kubwa, watu huichukua 10W-60 wakaitia kwenye injini ambazo hazikuundwa kwa ajili yake. Upande wa pili kuna Toyota GR Yaris, silinda tatu, zaidi ya nguvu farasi 250, na kitabu chake kinataka 0W-20. Nimeona watu wakikataa kabisa kuamini hilo. Lakini pampu ya oili, upana wa vijia na nafasi za beringi za injini ile vilipangwa pamoja na oili hiyo.

Kuna namba nyingine ambayo haiandikwi usoni mwa chupa, nami naiheshimu kuliko zote. Inaitwa HTHS: mnato wa oili ikiwa nyuzi 150 huku inasuguliwa kwa nguvu, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi injini ikiwa imekanyagwa. Kiwango cha chini cha oili ya 30 ni 2.9. Kwa 0W-40 na 5W-40 ni 3.5. Sasa tazama jambo hili: kiwango cha Ulaya cha ACEA A3/B4 kinadai 3.5 au zaidi hata oili ikiwa ni 5W-30, wakati A5/B5 inaruhusu kuanzia 2.9 na haivuki 3.5. Kwa hiyo unaweza kushika chupa mbili, zote 5W-30, zote za sintetiki, na moja ikawa inakinga beringi yenye moto vizuri kuliko nyingine kwa kiasi kinachoonekana. Geuza chupa, soma maandishi madogo ya nyuma, kisha tafuta karatasi ya vipimo ya oili hiyo. Dakika kumi hizo zina faida kuliko maoni ya watu mia.

Neno "sintetiki" silitegemei sana. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa mwaka 1999 wa chombo kinachoshughulikia malalamiko ya matangazo ya biashara, hata oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kina inaweza kuitwa hivyo. Nyingi ni nzuri sana. Neno lenyewe tu halikuambii kitu.

Kwa injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta chupa yenye alama ya API SP, kiwango cha ubora cha Marekani kilichoanza 2020. Injini hizo zina ugonjwa wa mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati gari linapovuta mzigo kwa mizunguko midogo, na mlipuko huo unaweza kuvunja pistoni. Aina ya viambato vya kusafisha vilivyomo kwenye oili inachangia; kalsiamu nyingi huzidisha tatizo. Na tafadhali, chupa ndogo za dawa za kuongezea, ziache dukani. Oili nzuri imepimwa ikiwa kamili, viambato vyake vikiwa vimesawazishwa.

Injini hizohizo pia huvujisha petroli kidogo kuingia kwenye oili, hasa kwa safari fupifupi ambapo injini haipati moto wa kutosha. Chomoa kijiti cha kupimia, kinuse. Kama kinanuka petroli na kiwango kimepanda badala ya kushuka, mwaga oili hiyo hata kama kilomita hazijatimia, maana petroli imeshaifanya nyepesi na namba ya chupani haina maana tena.

Gari nililonalo sasa linakwenda kwenye saketi mara chache kwa mwaka. Nilipofunga geji ya joto la oili kwa mara ya kwanza, ilionyesha 134 baada ya mizunguko sita. Marafiki wote walisema nipandishe hadi 10W-60. Nikafunga rejeta ya oili yenye thamostati, ili asubuhi isinicheleweshee injini kupata moto. Siku iliyofuata kwenye saketi ileile, geji haikuvuka 116, na oili iliyokuwamo ni 5W-40 ileile ya kitabuni.