Kigawo Hakitafutwi kwa Kupapasa

Jioni moja, umeme ukiwa umekatika mtaani kwetu Ibanda, mjini Bukavu, mwanafunzi ninayemsaidia masomo ya hisabati aliketi mezani pangu na taa ya sola, simu yake imezimika, akiniuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alikwisha kuigawanya kwa 3, 7, 11 na 13 hadi ukurasa wa daftari ukajaa, na alikuwa karibu kuapa kwamba haina kigawo.

Hakuwa wa kwanza kudanganyika. Namba hiyo ni 2 yenye kipeo cha 32, ukiongeza 1. Katika karne ya 17, mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba, kwa njia hiyo hiyo, vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 vinatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa, akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa. Simcheki, kwani mashahidi watano wenye kauli moja wangemridhisha hakimu yeyote wa hapa kwetu. Hata hivyo, mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba namba ya sita ni zao la 641 na 6,700,417.

Kosa letu walimu, kwa maoni yangu, ni kukisimulia kisa hiki kama sifa ya subira. Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine ataifikia 641 katika jaribio la 116, na bila shaka atakuwa amechoka kabla ya hapo. Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa sharti hilo, katika zile 116 zinasalia tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641.

Nilimwandikia hizo tano. 193 ilibakiza 109. 257 ilibakiza 2, naye akaruka kwa furaha akidhani amekaribia, ikabidi nimweleze kwamba katika kugawanya, baki la 2 halikaribii sifuri kuliko baki la 109. Mbili zilizofuata zilikataa pia. Alipomaliza 641 na kukuta hakuna baki, hakushangilia, aliweka kalamu chini akauliza, “Mwalimu, hiyo 64 imetoka wapi?”

Imetoka kwa Fermat mwenyewe. Ni yeye aliyesema kwamba ukichukua namba tasa isiyogawanya 2, kisha ukaipa 2 kipeo kilichopungua 1 kuliko namba hiyo, ukigawanya kwa namba hiyo utabakiza 1. Ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwake, na sijui ni mwanafunzi gani wa Bukavu asingefarijika kusikia hivyo. Tuliianza hatua ya kwanza ya uthibitisho, kipeo kwa kipeo, taa ya sola ikianza kufifia.