Wanafunzi wa kimataifa vyuoni Dodoma: ofisi moja au kila ndaki?

Chuo kikikua, swali hili hujitokeza lenyewe. Je, wanafunzi wanaotoka na kuingia nchini wasimamiwe na kurugenzi moja makao makuu, au kila ndaki, yaani sehemu ya chuo yenye idara kadhaa, ijipangie mambo yake? Pale ndaki zilipotawanyika vilimani, kama Chuo Kikuu cha Dodoma, jibu la pili huvutia zaidi, kwani mwanafunzi hapandi daladala kila anapohitaji saini.

Hata hivyo, wanaotetea ofisi moja wana hoja nzito, nayo ni vibali. Cheti cha sekondari cha nje hufanyiwa ulinganifu na Baraza la Mitihani (NECTA), shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mgeni anayekuja kusoma huhitaji hati ya ukaazi daraja C. Anayekuja kukusanya data anapaswa kupata kwanza kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), halafu hati hiyo ya ukaazi, ndipo barua zishuke kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi wilayani na kijijini. Idara inayopokea mgeni mmoja kwa mwaka haiwezi kuushika mlolongo huu. Ndiyo maana barua za mwaliko huandikwa kwa maneno ya jumla, "atatembelea chuo chetu". Mgeni naye anaomba viza ya matembezi mtandaoni, anafika, anaanza kugawa dodoso katika wilaya za Chamwino au Kongwa. Mtendaji wa kijiji anauliza kibali. Hakipo, na kazi inasimama hapo.

Kwa wanaotoka, tatizo huwa fedha. Makubaliano ya kubadilishana wanafunzi kwa kawaida husamehe ada peke yake. Chakula na chumba havimo. Ujerumani, kwa mfano, tangu Septemba 2024 imemtaka mwombaji asiye na ufadhili aoneshe yuro 992 kwa kila mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, katika akaunti maalumu ya zuio, ambayo fedha zake hutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Na ingawa wizara zimehamia Mtumba, hapa Dodoma, balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo nauli na malazi ya siku ya usaili viingie kwenye bajeti. Treni ya SGR imerahisisha safari, lakini haijaifuta gharama.

Hadi hapo kurugenzi inashinda. Inashindwa kwenye krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, na huko ndiko wanafunzi wengi wanakoumia.

Mfumo wa Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120. Ulaya mwaka una krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30. Chukua mwanafunzi aliyerudi na krediti 30 za muhula mmoja. Ukipima kwa sehemu ya mwaka, anapata 60. Ukipima kwa saa, hata kwa kiwango cha chini cha 25, anapata 75. Idara mbili za chuo kimoja zikitumia njia tofauti, wanafunzi waliokaa darasa moja ugenini watarudi na hesabu mbili. Kuzidisha kwa mbili ndiko sahihi zaidi, maana mwaka mzima hulinganishwa na mwaka mzima. Lakini Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, iiandike kanuni hiyo, isiachwe kwa hisani ya mkuu wa idara.

Alama nazo zina mtego wake. Hapa wastani wa alama (GPA) wa 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza. Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 5.0 ni kufeli. Karani akiingiza 1.3 kwenye mfumo kama ilivyo, kijana aliyefaulu vizuri kabisa anasomeka amefeli.

Je, kozi waliyosoma huko inaziba ipi ya hapa? Swali hilo afisa wa kurugenzi hawezi kulijibu. Mhadhiri wa somo anaweza, tena kwa kusoma muhtasari wa kozi kabla mwanafunzi hajaondoka, si baada ya kurudi. Idara ndiyo pia inayojua nani ana sapu, yaani mtihani wa marudio, Septemba wakati muhula wa ugenini unakaribia kuanza, na nani atakosa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya likizo ndefu kwa sababu huko masomo yanaweza kuisha mwishoni mwa Julai. Ofisi kuu huligundua hilo tiketi ikiwa imeshalipwa.

Kwa maoni yetu, mgawanyo ufuate aina ya kosa. Vibali, bima, fedha na barua za mwaliko zitoke mlango mmoja, na barua yoyote iliyotoka ndakini bila namba ya kumbukumbu ya kurugenzi isitambuliwe. Krediti ziamuliwe na idara kwa fomu ya ukurasa mmoja: kozi ya huko, krediti zake, kozi ya hapa inayofidiwa, na kozi mbadala iwapo ya kwanza haitafundishwa muhula huo. Safu hiyo ya mwisho huachwa wazi mara nyingi, kumbe mabadiliko ya kozi wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Wasaini mwanafunzi, idara na chuo mwenyeji kabla ya safari, nakala ibaki kwa msajili.

Udhaifu wa mpango huu ni mratibu wa ndaki. Akiwa mhadhiri mwenye vipindi kamili, fomu zitalala mezani hadi wiki ya mitihani ipite. Apunguziwe angalau kozi moja ya kufundisha, na awepo msaidizi mwenye mamlaka ya kusaini, kwa sababu mratibu mwenyewe siku moja ataenda masomoni nje.