Goti Limepona, Presha Je?

Shangazi aliacha vidonge vya presha wiki tatu bila kumwambia mtu. Tuligundua Jumapili, alipolalamika kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Mashine ikasoma 190 kwa 110. Nilipomuuliza akanijibu taratibu: "Yule wa sindano kasema mwili utajirekebisha wenyewe, mwanangu."

Nina hasira mpaka leo, na kinachonichoma zaidi ni kwamba sindano zenyewe, zile nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani, ziitwazo akupancha, zilimsaidia goti. Mara ya kwanza nilimsindikiza mimi. Mhudumu alifungua pakiti mpya, akatoa sindano nyembamba kama unywele, akaisimamisha ndani ya kijibomba cha plastiki juu ya goti, akaigonga kichwani kwa kidole. Shangazi akasema haiumi, ila anasikia uzito unashuka mpaka kwenye kifundo. Wachina wanauita deqi, na mtaalamu huutafuta kwa makusudi. Baada ya safari sita, shangazi alianza kuswali bila kiti. Hilo siwezi kulikana.

Wala sidharau elimu ya watu. China wanachomana sindano kwa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alisubu sanamu ya shaba ya mtu mzima yenye vitobo kwenye sehemu za kuchoma, ya kufundishia na kutahini wanafunzi. Lakini ni Wachina haohao ambao mwaka 1822, chini ya mfalme Daoguang, waliifuta tiba hiyo kwenye chuo cha matabibu wa ikulu. Wenyewe wamebishana nayo. Sisi nani katuambia haina mpaka?

Mpaka upo. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za afya za Marekani lilikubali kwamba sindano hupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji na dawa za saratani, na maumivu baada ya kutibiwa jino. Ujerumani walizijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 1,100 wa mgongo. Waliochomwa kwa kanuni za Kichina, karibu 48 kwa mia walipata nafuu; waliochomwa juujuu, nje ya sehemu zake, 44; waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida, 27. Nafuu ni ya kweli, ingawa ile ramani ya wapi pa kuchoma mwilini huenda haina uzito tunaoambiwa.

Sasa tazama: maumivu, kichefuchefu. Ni mambo ambayo mgonjwa anayasikia. Goti hupiga kelele, na likinyamaza unajua limenyamaza. Presha haina sauti. Inakula figo na mishipa ya ubongo huku mtu anapika, anacheka, anapokea wageni. Ndiyo maana mtu aliyepona goti ni rahisi sana kumdanganya: anajisikia mzima, kwa hiyo anaamini ni mzima. Anayemwambia mama wa miaka 67 aache vidonge wakati huo ameichukua ile nafuu ya kweli akamuwekea mtego. Angepooza, ningemwambia nini binti yake?

Ukitaka kwenda, nenda. Hakikisha sindano ni mpya, na kifuani asichome mtu asiyesomea, maana pafu hutoboka.

Shangazi amerudia vidonge. Kesho nampeleka kwa mtaalamu mwingine, goti la kushoto nalo limeanza. Nitabeba kopo lake la dawa, nitaliweka mezani kabla pakiti haijafunguliwa, na nitauliza mbele yake: hizi anaendelea nazo, sivyo?