Viroba vyetu vimerudi mtoni

Jana asubuhi nimepita kwenye kivuko chetu cha mto Msimbazi huku Tabata, Dar, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, nikakuta viroba vyetu vya taka vimo mtoni. Nasema vyetu kwa sababu kimoja nilikifunga mwenyewe kwa kipande cha khanga ya bluu, na ndo hicho nilichokiona kimenasa kwenye nguzo, kimepasuka, pampasi zinatoka moja moja zinaelekea Jangwani. Roho iliniuma jamani.

Wiki mbili nyuma tulikuwa watu kama sitini, ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, mwenyekiti wa mtaa yupo, bodaboda wapo, mama lishe, watoto wa shule, tukaingia na mareki na makoleo toka saa moja mpaka saa tano. Viroba tukavipanga ukingoni, tukaambiwa gari linakuja jioni kuzoa. Jioni halikuja. Jumatatu halikuja. Mpaka mvua imekuja yenyewe ikazoa.

Kutoa taka majini ukaziacha ukingoni siyo usafi, ni kuzihamisha tu zikasubiri mvua. Msimbazi tunaujua, unashuka toka vilima vya Pugu, kiangazi unauvuka bila kukunja suruali, ikinyesha kubwa mara moja tu Jangwani hapapitiki na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Chochote kilicho karibu na ukingo ni cha mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka mtoni, halafu sisi tuliokuja kuusafisha ndo tunaweka dampo humo humo!

Mama mmoja wa bondeni aliniambia siku ile ile, "Mwanangu, nyie mkimaliza mnaenda kuoga, sisi ndo tunalala na hivyo viroba, mbwa wanavichana, watoto wanavichezea." Sikuwa na jibu. Huyu mama ameyaona mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar, yeye kiroba kilichoziba kalavati kinamnyima usingizi.

Na taka zinafikaje mtoni? Gari lisipopita mtaani wiki mbili tatu, ndoo zimejaa funza, mtu anampa kijana wa mkokoteni buku, kijana anamwaga mtoni usiku. Kwa hiyo gari lile lile linalotukosesha mwisho wa usafi ndo lilianzisha uchafu. Wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha nao waache, ni dhambi.

Haya, nakubali, hizi Jumamosi zimesaidia kidogo. Jirani yangu mmoja alikuwa mtupaji mkubwa, tangu ashike reki haachi hata chupa. Na tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 unaona kabisa imepungua. Lakini reki bila gari ni kuchosha watu, na watu wakichoka mara mbili ya tatu hawaji.

Kwenye grupu la wasapu tumekubaliana mwezi huu hakuna kushika koleo kabla gari halijaonekana kwa macho. Lisipokuwepo kila mtu anachanga elfu moja, tunakodi maguta, kila kiroba kinatoka bondeni siku hiyo hiyo mpaka kwenye kizimba cha taka. Yule mama wa bondeni ndo wa kwanza kutoa.