Taka ina mwenyewe mpaka ifike jaani

Hapa Uingereza godoro likitupwa kando ya njia, ziko halmashauri zisizokimbilia kuliondoa. Hulizungushia utepe kwanza, akaja ofisa na glavu zake, akapekua mifuko iliyo pembeni akitafuta bahasha yenye anwani. Akiipata, anakwenda kubisha hodi kwa mwenye bahasha. Mwenye bahasha akijitetea kuwa alimlipa mtu wa pikapu, anaulizwa: namba yake ya usajili wa kubeba taka ulimwuliza? Kama hukumwuliza, ni faini, na tangu Julai 2023 England yaweza kufika pauni 600. Aliyetupa, hadi 1,000.

Inaudhi. Kutoa kabati bovu nyumbani kunakuwa na makaratasi kama unauza shamba. Lakini nikiambiwa nichague jambo moja la huku lihamie Malindi kesho, nitachagua hilo.

Kwetu taka ikishavuka mlango haina mwenyewe. Kijana wa mkokoteni kalipwa, kakunja kona, yamekwisha. Na kila mtu wa Maweni, Barani na Kisumu Ndogo anaijua kona ya kwao.

Najua linalokuja: "Ushaonja baridi, sasa sisi ndio wachafu." Hasha. Waingereza hawatushindi kwa usafi. England pekee, mwaka wa 2023/24, halmashauri ziliandikisha visa milioni 1.15 vya taka kutupwa ovyo, na vingi ni vya taka za majumbani. Mifuko ya plastiki tuliyoipiga marufuku Agosti 2017, wao wanaiuza dukani mpaka leo. Kwa hilo waje wajifunze kwetu! Sheria nazo tunazo. Kanuni za taka za Kenya za 2006 zinamtaka msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hati ya kufuatilia mzigo, na Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Ila hakuna anayemwuliza mwenye nyumba: ile ya Jumatatu ilifika wapi?

"Hiyo ni kazi ya kaunti." Sawa, na ushuru mnalipa. Tupigeni hesabu basi. Mtu mmoja hutoa taka kama nusu kilo kwa siku. Nyumba 100 zenye watu sita sita ni kilo 300. Pipa la lita 200 likijaa taka mbichi ni kilo 60 hadi 80, kwa hiyo mnajaza mapipa manne au matano kila siku, na lori likikosa siku tatu mnajua wenyewe. Zaidi ya nusu ni maganda, mabaki ya chakula na makumbi ya madafu. Hayo yakiwekwa kando yaozeshwe kwa mbolea, kilichobaki mkokoteni unakiweza.

Panapoharibika ni kwenye malipo. Kijana anapewa pesa zote mlangoni, jaa liko mbali, jua la saa saba. Kuanzia hapo kila hatua anayosukuma ni hasara yake, na ninyi mnashangaa akimwaga mtaroni. Mpeni nusu anapochukua, nusu akirudi na ushahidi. Kitabu cha risiti cha karatasi ya kaboni kinatosha: tarehe, mapipa mangapi, nani kabeba, kashusha wapi. Jaani hawatoi risiti? Apige picha kwa simu, mzigo ukiwa chini na lango likionekana. Kila Ijumaa mapipa yaliyotoka yalinganishwe na yaliyofika. Na asiniambie mtu kwamba nawanyima maskini riziki. Anayefika jaani kweli ndiye anayenyimwa sasa, maana anashindwa bei na yule anayeishia kona ya pili.

Kona yenyewe tunaisafisha vibaya. Jumamosi fulana mpya, MCA (mwakilishi wa wadi), picha. Jumatano imerudi vilevile. Wanazoa juu, uvundo unabaki chini. Kwangueni udongo sentimita 10 hadi 15, mwage mchanga, na siku hiyohiyo mpazibe kwa mawe ya matumbawe ambayo watu wawili hawayainui. Kabla ya kuzoa, fungueni mifuko: karatasi ya dawa, risiti, daftari la mtoto, jina limo humo. Pipa msiliweke pale kama halina siku ya kumwagwa. Litafurika, mbuzi watalipindua, na lisipotobolewa chini litajaa maji ya mvua. Kuchoma pia hapana. Pampasi hufuka moshi kutwa, na pipa la plastiki huyeyuka nazo. Makumbi ya madafu yapasuliwe yalale kifudifudi, la sivyo masika yanakuwa vikombe vya mbu.

Kitabu asikishike mwenyekiti, wala mwenye mkokoteni. Mpeni mwenye duka la karibu na kona, yupo tangu alfajiri mpaka baada ya isha, na uvundo unamfukuzia wateja. Jina likipatikana mfukoni, mzee wa mtaa aende na shahidi mmoja, mchana, wauchukue na mfuko wenyewe. Mara ya kwanza apewe aondoe mwenyewe, bila faini wala kelele. Akirudia, picha, tarehe na jina viende kwa ofisa wa mazingira wa kaunti, na nakala ibaki dukani, kwa sababu faili za ofisini tunazijua.