Juzuu 242, na Mwanzilishi Aliishia Herufi L

Johann Georg Krünitz, daktari wa Berlin, alianza na kazi ya kawaida tu: kutafsiri ensaiklopidia ya Kifaransa kuhusu kilimo na uendeshaji wa nyumba. Akaanza kuongeza ya kwake, na nyongeza zikaimeza tafsiri. Juzuu ya kwanza ilitoka 1773. Ya mwisho, ya 242, ilitoka 1858.

Yeye mwenyewe alifariki 1796, akiwa ameandika juzuu sabini na ushei. Husimuliwa kwamba mauti yalimkuta akiandika kuhusu neno "Leiche", yaani maiti. (Kwa Kiswahili angalau angefika M.) Waliopokea kijiti ni ndugu wawili wa ukoo wa Floerke, kisha Korth, kisha Hoffmann. Sifa zote humwendea Krünitz, nami naona si haki: kumalizia ndoto ya marehemu, herufi baada ya herufi, kunataka moyo kuliko kuianza.

Kasoro ya kazi hii iko wazi. Ufundi haungoji alfabeti. Garimoshi la kwanza la abiria Ujerumani lilitembea kati ya Nürnberg na Fürth mwaka 1835, na reli kwa Kijerumani ni "Eisenbahn". Herufi E ilikuwa imeshapita tangu enzi za Krünitz!

Baadaye Otto Lueger, mhandisi wa Stuttgart, aliepuka mtego huo. Alikusanya wataalamu wenzake, na kamusi yake ya ufundi wote ikakamilika kwa juzuu saba, kati ya 1894 na 1899. Kazi safi, sina neno.

Lakini mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nitamchukua Krünitz, kwa kasoro ileile. Siku hizi maelezo ya mashine yakipitwa na wakati hufutwa usiku, asubuhi umewekewa mapya, na hujui jana watu waliamini nini. Krünitz hakuweza kufuta. Ukitoka A kwenda Z unatoka kwenye dunia ya farasi na gurudumu la maji, unafika kwenye dunia ya mvuke. Chuo Kikuu cha Trier kimeiweka yote kwenye intaneti, bure.

Namfikiria mnunuzi aliyelipia juzuu ya kwanza akiwa na miaka 20. Ili aipokee ya mwisho, ilibidi aishi hadi miaka 105. Z lazima ilisomwa na wajukuu.