Grafu za mwendo: atembee kwanza au achore kwanza?

Mwonyeshe mwanafunzi grafu ya umbali na muda: mstari unapanda, unalala, kisha unashuka. Muulize mtu huyu alifanya nini. Wengi watakujibu kuwa alipanda kilima, akapita tambarare, akateremka. Kumbe alikwenda mbele, akasimama, akarudi alikotoka. Hata wanafunzi wepesi hukosea hapa, na Kiswahili chetu hakiwasaidii: mwinamo wa mstari tunauita "mteremko", neno lenye kilima ndani yake.

Mwenye disleksia (shida ya kusoma) au disikalkulia (shida ya kuelewa namba) ana mzigo zaidi. Asome jedwali, apange skeli (kila hatua kwenye grafu iwakilishe kiasi gani), aweke nukta, aziunganishe, na huku asisahau kuwa kuna mtu anayetembea. Akimaliza kuchora, yule mtu ameshampotea.

Ndiyo maana wapo walimu wanaotaka penseli ikae kando kwanza. Mwanafunzi atembee mbele ya kihisi kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti, grafu ijichore kwenye skrini papo hapo. Wana hoja. Mwaka 1987 mtafiti Heather Brasell alichunguza wanafunzi wa fizikia wa sekondari, akaona kwamba grafu ikichelewa kwa sekunde 20 hadi 30 tu, karibu faida yote inapotea. Ikitokea papo hapo, mstari unalala mwanafunzi akiwa bado amesimama. Hana cha kukumbuka.

Wengine wanajibu kuwa kwenye mtihani hakuna kihisi, kuna karatasi. Tena mstari wa kihisi haunyooki, unatetemeka kwa kila hatua, na mwanafunzi mwenye shida ya umakini anaweza kushughulika na mitetemo akaacha mwendo wenyewe.

Mimi naegemea kwa wa kwanza, ingawa si kwa mapenzi ya kifaa. Weka alama sakafuni kila mita. Mmoja atembee, wa pili ahesabu sekunde, wa tatu aweke nukta kwenye mihimili (ile mistari miwili ya kupimia, wa wima na wa mlalo) iliyokwisha andikwa skeli. Kupanga skeli ni somo la siku nyingine.

Ila mkifika kwenye grafu ya kasi na muda, nahamia upande wa karatasi. Jana mstari uliolala ulikuwa kusimama. Leo ni kwenda kwa kasi isiyobadilika, na miguu haiwezi kumwonyesha tofauti hiyo. Zichore grafu mbili za safari moja, moja juu ya nyingine, sekunde zikilingana. Kabla hajasema lolote kuhusu mstari, aweke kidole kwenye mhimili wa wima, asome kwa sauti kilichoandikwa pale.